Mtoto wangu "hasikii"

Kiswahili ndicho kilichonipoteza. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu, na mtundu ni yule "asiyesikia". Kwa hiyo nilipomlalamikia dada yangu kwamba mwanangu hasikii, alinijibu niache kumdekeza. Mtoto akafikisha miaka mitatu na nusu ndipo mtu mmoja akauliza kama maneno yale hayakuwa na maana yake ya kawaida tu: mtoto hasikii, basi.

Tatizo ni kwamba alikuwa akisikia. Mlango ukibamizwa anageuka. Ukimwita kwa nyuma, mara nyingi anaitika. Lakini ukimwambia "usimwage maji", anamwaga huku anakutazama usoni. Nilimchapa kwa hilo, tena si mara moja. Naandika haya nikijua wapo wazazi wenye habari kama yangu.

Vipimo vilionyesha kwamba sauti nzito anazipata kiasi, nyembamba zinampita. Irabu zina nguvu. S, f, sh na th ni pumzi hafifu zenye masafa ya juu, yaani ni sauti nyembamba. Sasa chukua "usimwage", punguza ile s, iseme ukiwa chumba cha pili maji yakichuruzika. Inayobaki inakaribiana mno na "umwage". Kukanusha kwetu kumetundikwa kwenye visilabi kama "si" na "ha", ambavyo mtoto mwenye usikivu hafifu ni rahisi kuvikosa. Huenda basi kwa masikio yake nilikuwa namwagiza alifanye jambo, kisha namwadhibu kwa kunitii.

Kwa hiyo badiliko la kwanza nyumbani lilikuwa la kisarufi. Niliacha "usi-" nikaanza kusema kinachotakiwa: weka chini, shuka, simama, njoo. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana nusu ya malezi yangu yote ilikuwa makatazo.

Alipopata mashine za masikioni nilidhani mambo yamekwisha, kwa kuwa nilizifikiria kama miwani: unavaa, unaona. Haziko hivyo. Zinakuza kila kitu, pamoja na feni na kelele za wenzake, na zinafanya kazi vizuri zaidi msemaji akiwa mita moja au mbili tu. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Kwa hiyo kupiga kelele kutoka jikoni ni kujichosha. Tena kelele huharibu umbo la midomo ambalo mtoto analisoma. Nenda alipo, inama, subiri macho yake, ndipo useme. Na dirisha lisiwe mgongoni mwako, atakuona kivuli tupu.

Swali la "umesikia?" lifute kabisa. Jibu lake ni "ndiyo" siku zote, kwa sababu watoto hawa hugundua mapema kwamba kuitikia kwa kichwa kunawaondolea usumbufu. Mimi huuliza: "Nimesemaje?"

Jambo lililotutesa zaidi ni jioni. Mwalimu anasema ametulia siku nzima; akifika nyumbani anavurumisha viatu na kumpiga dada yake kwa sababu isiyojulikana. Nilidhani ananidharau mimi peke yangu. Kumbe kusikiliza kwake ni kazi ya kukisia, neno baada ya neno, na akili inachoka kama miguu inavyochoka. Sasa akirudi anapata nusu saa bila maswali, na akitaka kuzivua mashine anavua. Ghasia hazijaisha, ila zimepungua sana.

Ghasia zikizidi ghafla, kabla ya kukemea naangalia betri za mashine, kisha nta kwenye kipira kinachoingia sikioni, kisha mafua. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kushusha usikivu kwa siku au hata wiki kadhaa, na ndiyo maana mtoto yule yule husikia leo na kesho hasikii. (Betri hizo zifungiwe mbali. Mtoto akimeza moja, ni hospitali dakika ile ile. Inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.)

Mashine zisiwe kamwe fimbo. Usimvue kama adhabu. Na akifumba macho au akikupa kisogo katikati ya karipio, usimshike kidevu. Najua inavyoudhi. Subiri.

Baada ya vipimo nilitumbukia upande wa pili: huruma. Akavunja, akapiga, nami nikasema masikini hajui. Dada yake akaniuliza, "Kwani yeye hakosi hata siku moja?" Sikuwa na jibu. Kanuni zikarudi zile zile kwa wote, ila kwake huja na maelezo zaidi. Watoto wengine hujifunza mengi kwa kudokoa mazungumzo ya wakubwa: nani kakasirika, kwa nini, walipatana vipi. Yeye anaona nyuso zikibadilika tu. Kwa hiyo namsimulia: "Baba amekasirika, funguo zimepotea. Si kwa ajili yako." Tumejifunza pia lugha ya ishara, niliyoiogopa kwa kudhani itaua maneno yake. Haikuua. Alama ya kwanza aliyoitumia akiwa na hasira ilikuwa "nimechoka", bafuni, mashine zikiwa zimevuliwa. Siku zile za kofi asingeweza kuniambia hivyo.

Wiki iliyopita alishika jagi. Nilikuwa mbele yake, mwanga mzuri, mashine zimewashwa. "Weka chini." Akamwaga yote sakafuni.

"Nimesemaje?"

"Weka chini," akajibu, bila kupepesa.

Nikampa kitambaa, akapangusa mwenyewe kwa kununa. Mimi nikageukia ukutani nicheke: safari hii ulikuwa utundu mtupu.