Ukitaka Kuufufua Ufukwe wa Ziwa, Lipe Ziwa Mgongo Kwanza

Wengi wanaonitafuta kwa ushauri wa kuanzisha asasi ya kufufua ufukwe wa ziwa huja na mchoro. Kwenye mchoro kuna njia ya waenda kwa miguu iliyopinda vizuri, mabenchi, taa, miti ya kivuli, na pengine gati dogo la mbao lililoingia majini. Kila kitu kinatazama ziwa. Mimi huuliza: nyuma ya hapa kuna nini? Mara nyingi mwenye mchoro hana jibu, maana karatasi yake imekomea pale njia ilipokomea.

Nimejitolea kwenye kazi hizi kwa muda mrefu, kwanza kuokota takataka, baadaye kukaa kwenye kamati, na nimeishia kuamini jambo moja. Ufukwe wa umma huharibiwa zaidi na yanayotoka nchi kavu kuliko yanayotoka ziwani. Maji machafu hutoka juu. Anayeutaka ufukwe uwe wake hutoka juu pia, na karatasi mkononi. Hata njaa ya fedha itakayoiua asasi yenu haitokani na mawimbi.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Mvua kubwa ya kwanza baada ya ukame ikinyesha, vaa mabuti ukasimame pale mtaro unapomwaga ziwani. Nenda na chupa ya kioo. Maji ya mwanzo ndiyo huwa machafu kuliko yote, kwa sababu yanakokota kila kilichojilimbikiza barabarani na kwenye viwanja: mafuta ya magari, povu la sabuni, kinyesi cha mbwa, vizibo vya chupa, mbolea iliyomwagwa kwenye bustani. Kinga chupa, ifunge, iache usiku kucha. Asubuhi utaona tope limetuama chini na juu kumebaki maji ya rangi ya chai hafifu yenye utando unaometa. Iweke katikati ya meza ya mkutano. Nimeshuhudia kamati iliyokuwa inagombana juu ya rangi ya mabenchi ikinyamaza kwa sababu ya chupa ya namna hiyo.

Kwenye maziwa mengi ya maji baridi, kinachoamua mwani uote kwa kiasi gani ni fosforasi, kirutubisho cha mimea, na fosforasi hiyo huja na mbolea, maji taka na udongo unaomomonyoka. Ikizidi, maji huota utando wa kijani, na baadhi ya aina za mwani huo zina sumu inayoweza kuua mbwa na kuwadhuru watoto. Jenga ufukwe mzuri kiasi gani, siku maji yakigeuka kijani na kunuka hakuna atakayekaa hapo.

Mfano ninaoupenda ni Ziwa Washington, kando ya Seattle nchini Marekani. Miaka ya 1950 maji taka yaliyokwisha kusafishwa mitamboni yalikuwa yakimwagwa humo, na mwanasayansi W. T. Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington akaonyesha kwamba virutubisho vyake ndivyo vilivyokuwa vikilisha mwani. Mwaka 1958 wapiga kura walikubali kuunda chombo cha pamoja cha kushughulikia maji taka, na kati ya 1963 na 1968 maji hayo yakaelekezwa kwingine. Ziwa likaanza kung'aa baada ya miaka michache tu. Lenyewe halikuguswa, yalifungwa mabomba. Usiahidi watu kasi hiyo, lakini. Ziwa la kina kifupi lenye tope la miaka mingi linaweza kuendelea kutoa fosforasi kutoka chini hata baada ya bomba kufungwa, na mitaro ya mvua ni migumu kufunga kuliko bomba moja la maji taka. Kinachowezekana kwa asasi ndogo ni kuyapitisha maji ya mtaro kwenye bonde dogo lililopandwa mimea, yatulie na kunywea ardhini kabla hayajafika ziwani.

Pimeni tangu mwanzo, ili baadaye muwe na cha kuonyesha. Kuna kifaa rahisi kilichobuniwa na padri na mwanaastronomia wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865: sahani inayoteremshwa majini kwa kamba mpaka isionekane, kisha unasoma kina. Siku hizi inayotumika zaidi maziwani ina upana wa sentimita 20 na imepakwa robo nyeusi, robo nyeupe, kwa kupishana. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa mfuniko wa bati na uzito wa kuizamisha. Pimeni mahali palepale, karibu na saa sita mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua, na mwandike daftarini. Ila maji maangavu si lazima yawe salama kuogelea. Bakteria hawaonekani, hao wanahitaji maabara.

Ukingo wenyewe nao una siri yake. Ukuta wa zege uliosimama wima unapendeza siku ya kwanza, halafu wimbi likiupiga linarudi na nguvu zake na kuchimba mchanga chini ya msingi. Baada ya muda ukuta unaanza kuinama, na mara nyingi jirani naye anamomonyokewa upande wake. Mteremko wa mawe uliochanganywa na matete na vichaka vya asili ya hapo hulimeza wimbi polepole. Nyasi fupi zilizokatwa mpaka majini pia ziepuke kama eneo lenu lina bata bukini. Ndege hao hupenda majani mafupi, na hupenda kuona mbali adui asiwafikie. Ukanda wa mimea mirefu huwakatisha tamaa, na kinyesi kinapungua. Wenye nyumba za nyuma watalalamika kwamba mmewazibia mandhari. Acheni nafasi za kuonea hapa na pale, na waonyesheni mchoro kabla ya kupanda, sio baada.

Sasa karatasi. Kabla hamjachimba shimo la mti mmoja, tafuteni nani anamiliki ardhi hiyo kisheria, mpaka unapita wapi maji yakipanda na yakishuka, na ni masharti gani yameandikwa. Chicago, mji wa Marekani ulio kando ya Ziwa Michigan, ina ufukwe wa wazi leo kwa sababu ya maneno machache yaliyoandikwa kwenye ramani ya mwaka 1836, kwamba eneo lile la umma libaki wazi daima, bila majengo. Mfanyabiashara Montgomery Ward aliyategemea maneno hayo alipofungua kesi mwaka 1890, akaendelea kupambana mahakamani kwa takriban miaka 20. Wengi walimwona msumbufu. Eneo alilolipigania ndilo Grant Park ya leo. Katikati ya hayo, mwaka 1892, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la Illinois halikuwa na uwezo wa kuikabidhi kampuni ya reli sehemu kubwa ya ardhi iliyo chini ya ziwa hilo, kwa kuwa imeishikilia kwa dhamana ya wananchi. Sheria za kwenu zitakuwa tofauti. Hata hivyo mtafuteni mwanasheria wa ardhi mapema, awe mjumbe wa bodi ikiwezekana, kuliko kumtafuta siku mmeamka na kukuta uzio.

Kuhusu watumiaji nitasema kidogo. Nendeni ufukweni alfajiri, mchana na jioni, muone nani yupo tayari. Wavuvi wanaofunga mitumbwi hapo ni umma vilevile, na mradi unaowafukuza ili upige picha nzuri mimi siuungi mkono. Njia moja ya kufika majini kwa kiti cha magurudumu ina maana kuliko chemchemi ya mapambo.

Fedha ndizo zinazomaliza asasi nyingi, na si fedha za kujenga. Za kujenga hupatikana, kwa sababu kuna utepe wa kukata. Za kubadilisha boliti zilizoliwa na kutu hazina sherehe. Andikianeni na mamlaka ya eneo lenu nani atamwaga mapipa ya taka, nani atalipia umeme wa taa, na nani atawajibika mtu akiteleza kwenye gati. Kisha tengeni sehemu ya kila mchango kwa ajili ya matunzo, kwenye akaunti yake, na katiba yenu izuie kuigusa kwa kazi nyingine.

Na mfadhili anayetaka jina lake kwenye benchi, mpeni. Sina ugomvi na majina. Lakini bei ya benchi iwe pamoja na kulipaka rangi na kulibadilishia mbao kwa muda mtakaokubaliana, na muda ukiisha alipie tena au jina liondolewe. Mwekeane saini kabla kibao hakijachongwa.