Ukitaka Kabati Lionekane Limekula Chumvi, Anza kwa Kuliosha

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Alichukua kabati la vyombo la bibi yake, la mninga, akalipaka rangi ya maji nyeupe, akasugua kona kwa msasa ili lipate ule mwonekano wa rangi iliyochakaa kwa miaka. Wiki 2 hazijaisha, rangi ikaanza kutoka vipande vipande kama ganda la yai la kuchemsha. Palipobaki pakatokeza madoa ya rangi ya chai. Anauliza safari hii anunue rangi gani ya bei.

Dada yangu, rangi haina kosa. Kabati halikuoshwa na mbao haikuzibwa. Ukinunua rangi ghali kuliko zote dukani ukaipaka juu ya mafuta yaleyale, itatoka vilevile.

Kabati lililokaa karibu na jiko lina mafuta ya kupikia, moshi, na polishi juu ya polishi. Fungua vishikio na bawaba zote, skrubu zake ziweke kwenye kopo. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, suuza mara 2, acha likauke kabisa. Kisha pitisha kitambaa chenye tapentaini, na kila kikichafuka chukua kingine, la sivyo unahamisha nta kutoka hapa kwenda pale. Kujua kama umefika, dondoshea maji kidogo: matone yakisimama kama shanga, mafuta bado yapo; yakitandaa, endelea. Hapo ndipo msasa namba 120 unaingia, kwa kufuata nyuzi za mbao, kuua mng'ao tu. Vanishi iliyoshika vizuri haina haja ya kuvuliwa yote.

Tahadhari moja ambayo naomba isipuuzwe. Kama chini kuna rangi ya mafuta ya zamani, chukulia kwamba ina madini ya risasi. Usiisugue kavu. Tumia msasa wa maji, lowanisha muda wote, kusanya matope yake kwa matambara na uyatupe, na watoto wasiwe karibu. Na ukiona vitundu vyenye unga mpya unaomwagika chini, hao ni bungua wako kazini. Tia dawa ya wadudu wa mbao kwanza, rangi baadaye.

Sasa yale madoa ya chai. Mninga na mvule zina utomvu wa rangi unaoyeyuka kwenye maji. Rangi ya maji inapolowanisha mbao, inauvuta utomvu ule hadi juu, na hata ukipaka mikono 5, yaani tabaka 5, utapenya yote. Dawa yake ni kuziba mbao kwa kitu kisicho na maji. Andakoti ya mafuta inafaa. Sheleki, ule utomvu wa wadudu unaouzwa kwa magamba makavu, inafaa zaidi: gramu 200 hadi 250 za magamba yake kwenye lita 1 ya spiriti, ilale usiku mzima, ichujwe kwa kitambaa, kisha ipakwe mikono 2. Kila mkono hukauka ndani ya saa moja hivi. Ukimaliza pitisha msasa namba 220 kidogo sana, rangi ipate pa kushika.

Rangi yenyewe ni suala jingine ambalo wengi wanakosea. Usinunue silki. Rangi ya kung'aa ina plastiki nyingi, na msasa ukipita juu yake haitoki kwa unga, inajiviringa kama ufutio wa shule na kung'oka ngozi nzima. Chukua rangi ya maji isiyong'aa, kisha ifanye iwe kama chaki: vikombe 3 vya rangi, kikombe 1 cha plasta ya Paris, kikombe 1 cha maji baridi. Plasta inakorogwa kwanza kwenye maji mpaka mabonge yaishe, inachujwa, ndipo inamiminwa kwenye rangi. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja, maana ikianza kuganda hairudi, na kuiongezea maji ni kuiua. Na usiweke chokaa ya ukutani badala ya plasta. Chokaa ni kali kwa ngozi na inaweza kubadilisha rangi. Kwa kabati la kawaida la milango miwili, lita 1 inatosha mikono 2 ya nje na kubaki.

Kama mbao ni mninga, rangi moja inatosha, kwa sababu ule wekundu utakaochungulia ndiyo rangi ya pili, tena nzuri kuliko yoyote ya dukani. Msindano ni kinyume. Ukiuchubua unatoka mweupe kama umepigwa randa jana, na uongo unaonekana toka mlangoni. Uzeeshe kwanza. Chemsha majani ya chai yakolee sana, paka, yakauke. Halafu paka siki iliyolowekewa stili waya kwa siku 2 (ile isiyo na sabuni, na chupa usiifunge kwa nguvu, inatoa gesi). Mbao itageuka kahawia ya kijivu mbele ya macho yako. Au paka rangi ya kwanza ya kukoza, buluu au kijani, kisha krimu juu yake.

Ukipaka rangi mbili, sugua mshumaa mkavu mahali unapotaka rangi ya juu iachie. Mistari michache tu. Pangusa chembe zote za nta zilizomwagika, kwa sababu kila chembe ni mahali rangi itakapotoka bila wewe kuitaka. Kati ya mkono na mkono ngoja kwa muda wa saa 4, na wakati wa masika kule pwani usiku mzima.

Tukija kwenye kuchubua kwenyewe, hapa ndipo napoumia nikiona kazi za watu. Kona zote 4 zimesuguliwa sawasawa, katikati ya mlango kuna mkwaruzo, na kila mguu una doa lake kama sare ya shule. Hakuna samani duniani iliyochakaa hivyo. Chukua kiti cha zamani ulicho nacho ukiangalie. Rangi imekwisha juu ya egemeo, mahali mkono unapokivuta. Imekwisha ukingo wa mbele wa kikalio, na kwenye ule mti wa chini watu wanapoweka visigino. Miguu imeliwa vidole 3 au 4 kutoka sakafuni, kwa sababu ya maji ya kudeki kila asubuhi. Kwenye kabati, angalia pembeni mwa kishikio, upande wa vidole. Angalia mdomo wa droo. Ndani ya michongo rangi imebaki nzima, tena imeshika uchafu. Palipokwisha ndipo pa kuchubua, na kwingine kokote kusiguswe.

Tumia kitambaa chenye unyevu kwa sehemu laini na msasa namba 220 kwa kingo, baada ya rangi kulala usiku mmoja. Sugua mara 3, rudi nyuma hatua 4, angalia. Mkono unapenda kuendelea, usiusikilize.

Kuna vitu visivyoguswa kabisa. Kiti cha enzi cha Lamu cha mpingo, kasha la misumari ya shaba, samani yoyote yenye nakshi za mkono: hivyo vimezeeka kweli, na kuvipaka rangi ili vionekane vya kale ni kufuta kilekile unachokitafuta. Nakusihi, vipanguse vumbi uviache. Kazi hii ni ya meza na makabati ya kawaida ambayo yangeishia kuwa kuni.

Mwisho ni kulinda. Vanishi ya mafuta juu ya nyeupe hugeuka njano, kwa hiyo meza ya kulia ipake vanishi ya maji isiyong'aa, mikono 3 myembamba. Kabati na viti vinatosheka na nta ya nyuki: gramu 100 ziyeyushwe kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria la maji ya moto, uiondoe jikoni mbali na moto, ndipo utie mililita 300 za tapentaini. Paka kidogo, ngoja dakika 15, sugua kwa kitambaa cha pamba. Hakikisha rangi imeshakupendeza kabla ya nta, kwani juu ya nta hakuna rangi itakayoshika tena.

Kwa kabati la bibi, dada, kwangua yote iliyolegea, lioshe kwa sabuni na tapentaini kama nilivyoeleza, tia sheleki mikono 2, ndipo ulipake rangi upya. Vyombo vizito usivirudishe kabla ya wiki 2, na chini ya kila sahani weka kitambaa kwa mwezi wa kwanza.