Waulize Wanaojua: Duka liko Mwanjelwa, msaidizi yuko Dodoma

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya, Iringa na Mufindi, na karibu zote zinaulizia jambo moja: kumpa kazi za kila siku mtu asiyekaa dukani wala ofisini kwako, anayefanya kila kitu kwa simu na kompyuta akiwa mji mwingine. Tumefupisha maswali. Majibu tumeyaacha marefu pale panapohitaji.

Nauza mchele wa Kyela na wa Mbarali pale Mwanjelwa, na wateja wangu wengi wako Dar na Morogoro. WhatsApp inanimaliza. Nikipima gunia simu inalia, nikishika simu mteja aliye mbele yangu ananuna. Binti wa ndugu yangu yuko Dodoma, ana laptopu na muda. Nimkabidhi nini kwanza? — Mama Mchele, Mbeya

Dada, wiki hii usimkabidhi kitu. Chukua daftari, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi kila ujumbe unaoujibu uchoree kijiti kimoja chini ya herufi yake: B kwa anayeuliza bei, O kwa oda mpya, M kwa anayeuliza mzigo umefika wapi, P kwa anayeomba punguzo, L kwa mwenye lalamiko. Jumapili hesabu vijiti. B na M mara nyingi hujibiwa kwa maneno yaleyale kutwa nzima, na hizo ndizo za binti. P na L zibaki kwako mwezi wa kwanza, kwa sababu mteja anayelalamika kwamba mchele una chenga anataka kumsikia mwenye mchele.

Kisha andika ukurasa mmoja kwa kila kazi, wenye mambo manne: kazi inaanzishwa na nini, hatua zake, ruhusa ya binti inaishia wapi, na akimaliza aandike wapi. Watu wengi huandika hatua tu na kuisahau ile ya tatu, halafu wanashangaa msaidizi anapiga simu mara ishirini kwa siku. Anapiga kwa sababu hajui ukomo wake. Mwandikie wazi. Kwa mfano, mwezi wa kwanza ukiisha na ukaamua kumwachia punguzo: "Anayechukua kilo 200 na kuendelea mpunguzie hadi shilingi 50 kwa kilo bila kuniuliza. Akitaka zaidi, mwambie utamjibu ndani ya saa moja, kisha niulize."

Vipimo navyo viandike. Mteja wa Dar atasema debe, mwingine kiroba, mwingine sado, na binti aliyeko Dodoma hawezi kuchungulia dukani. Amua kwamba oda zote za mtandaoni zinaandikwa kwa kilo, na anayesema debe aulizwe anataka kilo ngapi kabla hajatajiwa bei.

Kosa linaloharibu biashara ya namna hii karibu kila mara ni hili: binti anauza mchele uliokwisha kuondoka. Asubuhi ulimwambia una kilo 500, saa tano mtu akaingia na kuchukua 400, na hukumwambia kwa kuwa mikono yako ilikuwa kwenye mzani. Kumkumbusha mtu mwenye haraka hakusaidii. Tenga fungu la mtandaoni, tuseme kilo 300, ulipange upande wake, na mteja wa dukani asiliguse hata akibembeleza. Binti anatoa kutoka kwenye fungu hilo tu. Likibaki kilo 50 anaacha kupokea oda hadi umwongezee. Kila asubuhi mtumie picha mpya ya kila aina: kiganja kimoja cha mchele juu ya kitambaa cheusi, nje kwenye mwanga, ili punje nzima na chenga vionekane. Picha ya gunia lililofungwa haimwambii mnunuzi chochote.

Siku za mwanzo majibu yake yapitie kwako kwanza. Ukiona katika majibu 20 ya mwisho umerekebisha moja au hakuna, mwachie. Jioni akutumie ujumbe mmoja tu: oda zilizokwenda na jina la basi kwa kila mzigo, oda zinazosubiri na zinasubiri nini, na maswali. Hayo maswali mjibu usiku huohuo, maana yakilala mpaka kesho, atakuwa ameshaanza kubahatisha.

Je, nimpe laini yangu ya biashara aiweke kwenye simu yake? — Huyo huyo Mama Mchele

Hapana. Laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole na fedha ziko humohumo. Tumia WhatsApp ya biashara kwenye simu yako na umuunganishe yeye kama kifaa cha ziada. Akaunti moja inabeba hadi vifaa vinne vya namna hiyo mbali na simu yenyewe.

Kwa kuwa yuko mbali, ile picha ya mraba ya kuskani itawasumbua. Yeye afungue WhatsApp ya kwenye kompyuta, achague kuunganisha kwa namba ya simu, aandike namba yako. Kwenye kioo chake zitatokea herufi na tarakimu, jumla nane. Akusomee kwa simu. Wewe ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, chagua kuunganisha kwa namba, uziandike. Matapeli nao hupitia mlango huohuo, kwa hiyo ukipata ombi la kuunganisha kifaa ambacho hukupanga na binti, lipuuze. Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe yeyote, hata yeye. Hiyo huhamisha akaunti nzima. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili.

Kuna mambo mawili huwa yanawashtua watu. Simu yako ikikaa zaidi ya siku 14 bila intaneti, kompyuta yake inatolewa yenyewe, na mtaanza upya. Pili, aliyeunganishwa anaona mazungumzo yote, yakiwemo ya kikoba na ya mashemeji. Kama laini ni ileile ya nyumbani, nunua ya biashara peke yake kabla ya kufika huko. Siku mkiachana, ingia palepale kwenye vifaa vilivyounganishwa umtoe. Unafanya hivyo kutoka kwenye simu yako bila kumsubiri.

Na malipo? Anaweza kuthibitisha pesa imeingia? — Muuza vitenge, Tukuyu

Anaweza bila kuijua namba ya siri. Simu yenye Lipa Namba ibaki kwako. Kila malipo yakiingia, wewe au wa dukani aandike kwenye jedwali la pamoja (la mtandaoni, mnaloliona nyote) namba ya muamala, kiasi na saa. Msaidizi analinganisha na oda. Mwekee katazo moja lisilo na msamaha: picha ya ujumbe wa malipo iliyotumwa na mteja si malipo. Ujumbe wa namna hiyo hutengenezwa kwa dakika moja, na msaidizi aliye mbali ndiye rahisi kuliko wote kudanganywa, kwa sababu hana simu ya kuangalia salio. Namba ya muamala isipokuwepo kwenye jedwali, mzigo haupandi basi.

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba tisa Kihesa, Iringa. Kijana wetu anayesoma Uingereza ndiye anayepokea nafasi za wageni kwa mtandao. Mara mbili chumba kimoja kimepata wageni wawili, na mgeni mmoja aliyesema atafika saa 3 alikuta chumba kimepewa mtu. Kosa ni la nani? — Mwenye nyumba, Iringa

Mzee wetu, makosa ni mawili na yana vyanzo tofauti.

La vyumba linatoka kwenye kuwa na vitabu viwili: daftari la mapokezi na jedwali la kijana. Hata mkihamia nyote kwenye jedwali moja la Google, tatizo litarudi mtandao ukikatika, kwani simu ya mapokezi itaendelea kuandika bila intaneti na mabadiliko hayatamfikia kijana mpaka bando au mtandao urudi. Katikati hapo atauza chumba kilekile. Dawa ni ileile ya fungu la mchele. Gawa vyumba: sita vya kijana, vitatu vya wanaobisha hodi mlangoni. Saa kumi na mbili jioni, kijana akithibitisha kwamba vyumba vyake fulani havina mtu, mapokezi wanaruhusiwa kuvichukua. Kabla ya hapo hawavigusi.

La saa ni tamu zaidi, na hakuna aliyefanya uzembe. Mgeni aliandika "saa 3" akimaanisha saa tatu usiku. Kalenda ya kompyuta haijui saa zetu, inajua 03:00 au 15:00 tu, kwa hiyo anayeandika harakaharaka ataweka alasiri. Juu ya hapo, kalenda ya kijana imewekwa saa za Uingereza, ambako wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Mwambie aweke kalenda ya kazi kwenye saa za Afrika Mashariki hata kama simu yake binafsi ni ya London. Na kila nafasi iandikwe mara mbili katika mstari mmoja: "21:00, saa tatu usiku". Kisha mgeni arudishiwe ujumbe wenye maneno hayohayo ili asahihishe mwenyewe. Anayekuja na basi kutoka Dar mwulizeni jina la basi, maana hiyo ndiyo saa yake ya kweli.

Nauza mbao za paini Mafinga. Msaidizi wangu aliyeko Dar anaandaa bei za wateja, lakini mmoja aliomba mita moja ya ujazo ya mbili kwa nne, akaandikiwa vipande 40. — Mfanyabiashara, Mufindi

Usimwachie hesabu ya ujazo mtu asiyeshika mbao. Inchi 2 kwa 4 yenye futi 12 ina mita za ujazo 0.0189 kwa kipande, hivyo mita moja ni vipande 53 hivi. Huenda alipiga hesabu kwa mbao ndefu zaidi, kwani ya futi 16 hutoa vipande karibu 40. Mtengenezee jedwali la vipimo unavyouza, kila urefu na mstari wake, na vipande kwa mita vikiwa vimeshajazwa. Yeye asome tu. Kumbuka kwamba mbao iliyorandwa hupungua unene, kwa hiyo iwe na mistari yake. Kila karatasi ya bei iwe na tarehe ya mwisho, tuseme siku saba, na iseme kama usafiri umo au haumo.

Nimlipe vipi, na je, ni mfanyakazi wangu kisheria? — Wengi

Anzeni na saa. Saa tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 18 kwa wiki na wastani wa saa 78 kwa mwezi. Mkikubaliana shilingi 3,000 kwa saa (huu ni mfano wa hesabu tu, msije mkasema gazeti limepanga bei), ni 234,000. Bando liandikwe pembeni na lilipwe na mwenye kazi, vinginevyo ataanza kuzima data mchana na wateja watakaa bila majibu.

Kumwita "mtu wa mkataba" peke yake hakubadili kitu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitike vinginevyo kama hata jambo moja kati ya yaliyotajwa lipo: unampangia saa, unamwelekeza namna ya kufanya, unampa vifaa, anakufanyia wewe tu, au amekufanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 78 zimeshavuka hapo. Mwajiriwa ana mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 20 ya mshahara, ambao yeye hawezi kukatwa zaidi ya asilimia 10, na kodi ya mshahara huanza kukatwa mshahara ukizidi 270,000 kwa mwezi. Kama unataka kweli awe wa kujitegemea, mlipe kwa kazi iliyokamilika, mwache apange saa zake na awe na wateja wengine.

Majina na namba za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mkataba utaje kwamba hatazichukua akiondoka. Na orodha ya wateja msiitume kama faili. Mpeni ruhusa ya kuifungua kwenye akaunti yenu, mkizima uwezo wa kupakua na kunakili. Hilo halimzuii kuzipiga picha, ila linaziba njia rahisi.