Simu nyingi studioni si hesabu ya wasikilizaji

SWALI: Redio yetu hapa Arua, Uganda, hupigiwa simu nyingi kila jioni, lakini wenye matangazo wanataka idadi ya wasikilizaji. Tuipateje kwa gharama ndogo? – Meneja wa vipindi

JIBU: Ndugu meneja, simu hizo zisikudanganye. Wapigaji mara nyingi ni walewale, na mama anayesikiliza huku akisonga posho (ugali) hapigi.

Ulizeni watu walisikiliza nini jana. Hojini watu 400 wenye miaka 15 na zaidi. Kuhoji watu 10 katika kila kijiji kwa vijiji 40 ni bora kuliko watu 50 katika kila kijiji kwa vijiji 8, kwa kuwa majirani husikiliza yanayofanana. Mjulisheni kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Katika kila nyumba mnayofika, andikeni majina ya wote waliofikisha umri huo kwenye vikaratasi, mvute kimoja. Kikimwangukia dereva wa bodaboda naye hayupo, rudini jioni. Mkimruka, mtabaki na wanaoshinda nyumbani tu.

Wengi huharibu hapa: wanavaa fulana ya redio, kisha wanauliza, "Mnatusikiliza?" Mgeni hujibiwa ndiyo, kwa heshima. Ficheni jina la redio. Mwulizeni aliamka saa ngapi jana, akafanya nini, redio ipi ilikuwa imewashwa. Jazeni jedwali lenye vipande vya dakika 15 mpaka alipolala. Mahojiano yaguse siku zote 7, maana Jumapili ya ibada na mpira haifanani kabisa na Jumanne ya shambani.