Fomula ya kiempirika: usikimbilie kukadiria

Katika kufundisha kemia sekondari nimesahihisha majibu mengi ya swali linalotoa asilimia za masi za elementi na kutaka fomula ya kiempirika ya kampaundi, yaani ile inayoonyesha uwiano mdogo kabisa wa namba nzima kati ya atomi zake. Kugawanya, ambako wanafunzi hukuogopa, siko kunakowaangusha. Wanaanguka mwishoni, pale kikokotoo kinapowapa namba yenye desimali nao wakaikadiria hadi namba nzima iliyo karibu bila kujiuliza kwa nini imetoka hivyo.

Njia yenyewe ni fupi. Chukulia kwamba una gramu 100 za kampaundi, ili kila asilimia igeuke kuwa gramu. Gawanya gramu za kila elementi kwa masi ya atomi yake upate moli, yaani kipimo cha idadi ya atomi. Kisha gawanya moli zote kwa ile iliyo ndogo kuliko zote. Tunapita kwenye moli kwa sababu fomula huhesabu atomi, haipimi uzito, na atomi moja ya chuma, yenye masi 55.85, ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko atomi ya oksijeni yenye masi 16.00.

Tuchukue oksidi ya chuma yenye chuma asilimia 72.36 na oksijeni asilimia 27.64. Moli za chuma ni 1.2956 na za oksijeni ni 1.7275, na ukigawanya zote kwa 1.2956 unapata 1 kwa 1.333. Hapa ndipo wengi huandika FeO, kwa kuwa 1.333 iko karibu na 1 kuliko 2. Lakini 1.333 ni theluthi nne, na dawa yake ni kuzidisha pande zote mbili kwa 3, jambo linalotupa Fe3O4, yaani magnetiti, madini yanayovutwa na sumaku. Oksidi nyingine, yenye chuma asilimia 69.94, hutoa uwiano wa 1 kwa 1.5, hiyo huzidishwa kwa 2 na kuwa Fe2O3, ambayo ni hematiti. Kwa hiyo mwanafunzi azizoee desimali zinazotokana na sehemu ndogondogo: 0.5 huita 2, 0.33 na 0.67 huita 3, 0.25 na 0.75 huita 4. Namba kama 1.02 au 2.98 ni kosa dogo la vipimo, na hiyo ndiyo pekee unayoruhusiwa kuikadiria.

Kukadiria mapema nako kuna madhara yake. Ukiandika moli za magnetiti kuwa 1.3 na 1.7, uwiano unakuwa 1.31, na nimekwisha kuona Fe10O13 ikiandikwa kwa ujasiri kabisa kutokana na namba hizo. Beba tarakimu nne hadi mwisho wa hesabu, kisha rudi nyuma uhakikishe jibu: FeO ina chuma asilimia 77.73, wakati swali lilisema 72.36, na pengo la zaidi ya asilimia tano haliwezi kusingiziwa mizani.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni kugawanya kwa masi ya atomi, si ya molekuli. Urea, mbolea ambayo mifuko yake huandikwa naitrojeni asilimia 46, ikiwa safi ina kaboni asilimia 20.00, haidrojeni 6.71, naitrojeni 46.65 na oksijeni 26.64. Naitrojeni ikigawanywa kwa 14.01 tunapata moli 3.330, mara mbili ya kaboni yenye 1.665, na fomula inakuwa CH4N2O. Anayegawanya kwa 28.02, kwa kuwa amezoea kuandika N2, atapoteza atomi moja nzima ya naitrojeni. Vilevile, kabla ya kuanza, jumlisha asilimia ulizopewa: zisipofika 100 katika kampaundi ya kaboni, haidrojeni na oksijeni, kinachopungua kwa kawaida ni oksijeni, ambayo hupatikana kwa kutoa.

Mwisho, usiiite fomula ya kiempirika fomula ya molekuli kabla hujapewa masi ya moli. Kaboni asilimia 40.00, haidrojeni 6.71 na oksijeni 53.29 hutoa CH2O, nazo ni asilimia za glukosi na pia za asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki. Masi ya CH2O ni 30.03, glukosi ina gramu 180.16 kwa moli, ambayo ni mara sita, hivyo ni C6H12O6, na asidi ya asetiki ina gramu 60.05, ambayo ni mara mbili, hivyo ni C2H4O2.