Maswali ya Wasomaji: Kumbe Korea Kaskazini nao wana kikoa?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha kompyuta sekondari hapa Arua, Uganda. Nilipowaeleza wanafunzi kuhusu vikoa vya nchi, yaani zile herufi za mwisho za anwani ya tovuti, kwamba .ug ni yetu na .ke ni ya Kenya, mmoja akaniuliza ya Korea Kaskazini. Nikamjibu wale hawana, wamejifungia. Kesho yake akaja na .kp aliyoiona kwenye simu ya kaka yake. Darasa zima likanicheka. Nilikosea wapi?
Mwalimu, Arua

JIBU: Marahaba mwalimu. Umekosea nusu tu.

Herufi hizo mbili hazitolewi kwa tabia njema. Nchi ikishaingia kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, zake ni zake. Sisi .ug tunayo tangu 1995, wao .kp walipewa 2007. Tena mwanzoni seva zake, yaani kompyuta zinazohudumia majina hayo, zilikuwa Berlin! Mwaka 2011 usimamizi ukahamia kwa kampuni ya ubia iitwayo Star, wenyeji wakishirikiana na kampuni ya Loxley ya Thailand.

Septemba 2016 seva yao moja ilipangwa vibaya, ikawa inamtajia yeyote aliyeuliza orodha nzima ya majina ya .kp. Watu wakahesabu: 28. Nchi nzima! Mlikuwamo shirika la ndege Air Koryo, shirika la habari KCNA na, hili lilinichekesha sana, tovuti ya mapishi. Nadhani wachapishaji wa Nasser Road, ule mtaa wa uchapaji Kampala, peke yao wanawazidi kwa majina.

Sasa nusu uliyopatia. Tovuti hizo zinatutazama sisi wa nje. Raia wa kawaida kule ana Kwangmyong, mtandao wa ndani usiogusana na dunia. Hata anwani zake mara nyingi ni tarakimu tupu zinazoanza na 10, namba za aina ile ambayo haivuki ukuta wa maabara yenu. Intaneti yenyewe ni ya wachache walioruhusiwa, na hupitia kampuni ya mawasiliano China Unicom, na tangu 2017 TransTelecom ya Urusi pia. Anwani zao za nje zinazojulikana sana, yaani zile namba za IP zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti, ni 1,024 tu.

Kuwa na jina na kuwa na njia ni vitu viwili, mwalimu, nami nilifunzwa hapa hapa Jinja. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, na mashine zote tisa za kafe yangu zikanyamaza. Kesho yake mpwa wangu akapiga simu kutoka Nairobi: "Mjomba, tovuti yako mbona inafunguka vizuri tu? Kuchapa bado ni mia tano?" Jina langu la .co.ug lilikuwa kwenye seva ya Ujerumani, linasomwa na Mkenya na Mjerumani, ila si mimi niliyelilipia. Siku tano hivi nilikaa mlangoni nikiuza soda.

Mpe mwanafunzi alama zake. Kisha mwambie afungue kcna.kp kwa bando lake mwenyewe, si la kaka. Siku nyingine hugoma.