Kwa mnaoanza kuandika tasnifu kuhusu Kezilahabi

Kila mwaka wapo wanafunzi wa fasihi wanaochagua kuandika juu ya ushairi wa Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania, na wengi wao huanza na maelezo yale yale: walikuwepo wanamapokeo, waliolinda kanuni za zamani za utunzi, wakaja wanamabadiliko, walioziacha, wakagombana kuhusu vina (sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mistari) na mizani (idadi ya silabi katika mstari), wanamabadiliko wakashinda. Nimesoma kazi za aina hiyo kwa miaka ya kutosha kujua kwamba maelezo hayo yametoka kwenye notisi za kidato cha sita, hayakutoka kwenye vitabu vya wahusika wenyewe. Si uongo mtupu. Tabu ni kwamba ukianzia hapo, sura zote zinazofuata zitakuwa za kutafuta ushahidi wa jambo uliloliamua kabla hujafungua kitabu.

Kwa hiyo fungua kitabu kwanza. *Kichomi*, diwani yake ya kwanza, kilitoka mwaka 1974, ni kidogo, na unaweza kukimaliza jioni moja. Usiguse tahakiki yoyote kabla ya hapo. Katika utangulizi wake utamkuta mwandishi akitetea lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku, iingie katika ushairi. Halafu soma mashairi yenyewe kwa sauti, hata kama wenzako wa chumba watakucheka. Soma “Dhamiri Yangu”, ambamo msemaji amefungwa na dhamiri yake kama mbuzi kwenye mti. Soma “Namagondo”, shairi lenye jina la kijiji alikozaliwa huko Ukerewe mwaka 1944. Sikiliza marudio, sikiliza mahali anapokata mstari na anapouacha utiririke. Mtafiti Mwitaliano Roberto Gaudioso ameandika kitabu kizima kuhusu sauti katika ushairi huu. Hoja yenyewe unaweza kuanza kuipima kwa masikio yako kabla hujamnukuu yeye wala mtu mwingine.

Baada ya *Kichomi*, nenda kwa mpinzani. Hapa ndipo wengi hukwepa kazi. Wanamtaja Kaluta Amri Abedi kwa sentensi mbili walizozikuta ndani ya makala ya mtu mwingine, ilhali *Sheria za Kutunga Mashairi*, kitabu chake cha mwaka 1954, kipo maktabani. (Mashabiki wa mpira wa Arusha wanalitaja jina lake kila wiki kwa sababu ya uwanja, na wengi wao hawajui kwamba sheikh huyo alikuwa malenga.) Anasema wazi kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Ukilisoma hilo leo, ukiwa umezoea kusoma kimoyomoyo, utadhani ni ushamba. Jiulize mashairi yalikuwa yanaishi wapi wakati ule. Yalikuwa yanaimbwa kwenye hadhara, yanachapwa katika *Mambo Leo* na magazeti yaliyofuata, na zaidi ya yote yalikuwa yanajibizana. Mtu wa Tanga alitoa swali kwa vina vyake, wa Ujiji akamjibu kwa vina vile vile, na msomaji wa Dar es Salaam akasubiri toleo lijalo aone nani kazidiwa. Kanuni za pamoja ndizo zilizowawezesha watu wasiojuana kubishana kwa heshima. Ukilitazama hivyo, utaelewa kwa nini mtunzi aliyeacha vina na mizani alionekana kama mtu aliyeingia barazani akakataa kuitikia salamu. Malalamiko ya wanamapokeo yalikuwa na msingi, na tasnifu isiyouona msingi huo haijafika.

Sasa tuje kwenye ramani, maana hapo ndipo notisi hupotosha zaidi. Utaambiwa kuwa ugomvi ulikuwa wa pwani dhidi ya bara, Waislamu wa mwambao wakilinda urithi wao dhidi ya wasomi Wakristo wa kanda ya ziwa. Ni kweli kwamba Kezilahabi ni wa Ukerewe na kwamba washairi wenzake M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliotoa *Mashairi ya Kisasa* mwaka 1973 na *Malenga wa Bara* mwaka 1976, ni watu wa Kagera. Lakini hebu watazame walinzi wa kanuni. Amri Abedi ni mtu wa Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyetupatia ngonjera (mashairi ya majibizano) za UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, alikuwa Mgogo wa Dodoma, tena Mkatoliki. Upande wa pili yupo Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, Mwislamu, na shairi lake “Ngoma na Vailini” ni huru kama lolote la *Kichomi*. Ramani ya pwani na bara inasaidia kuuliza maswali. Haiwezi kuwa jibu, na mtahini makini atakushika hapo hapo.

Jambo jingine linalochanganywa mno ni uasi wa umbo na uasi wa siasa. Mwanafunzi huandika kwamba Kezilahabi alivunja kanuni za ushairi kwa kuwa alikuwa mpinzani wa utawala, kana kwamba vina ni chombo cha serikali. Muweke mshairi wa Kenya, Abdilatif Abdalla, kando yake uone. Abdilatif alifungwa na serikali ya Kenya kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?*, na alipokuwa gerezani akatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* kwa vina na mizani vilivyokamilika, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Katika kizazi hicho ni vigumu kumpata mshairi aliyeikabili dola waziwazi kuliko yeye, na umbo lake ni la mababu. Kezilahabi naye, kitabu chake kilichopigwa marufuku mashuleni kwa muda hakikuwa cha ushairi. Kilikuwa riwaya, *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, na sababu ilikuwa namna alivyoyaandika mambo ya ngono. Sikatai kwamba mashairi yake yana siasa. Soma “Mafuriko” katika diwani yake *Karibu Ndani*, ambapo anaahidi kuandika wimbo juu ya mbawa za nzi na kuuimba ushairi wa jalalani. Ninachotaka ni uonyeshe siasa hiyo iko wapi ndani ya shairi. Kukosekana kwa vina peke yake si ushahidi.

Halafu kuna tarehe. Dai la kwamba aliiga Wazungu lilianza mapema na bado linarudiwa. Nimeona watu wakilithibitisha kwa masomo yake ya Marekani. Tasnifu yake ya udaktari pale Wisconsin ni ya mwaka 1985. *Kichomi* kilishakuwa na miaka kumi na moja. Kama unataka kuitumia falsafa aliyoijenga kule, itumie kusoma *Karibu Ndani* ya 1988 na riwaya za *Nagona* na *Mzingile* zilizofuata, ambako kweli inaonekana. Kwa *Kichomi* utafute kwingine, kwa mfano katika vitabu alivyosoma kabla ya hapo, au katika nyimbo za Kikerewe. Mulokozi na Kahigi walijenga hoja kwamba ushairi wa makabila mengi ya Kibantu ulikuwepo bila vina, na Mulokozi aliifanyia utafiti wa kina tendi za Wahaya ziimbwazo kwa nanga, ala yao ya nyuzi. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo haithibitishi kwamba shairi fulani la Kezilahabi limetoka kwenye nyimbo hizo. Hilo lazima lionyeshwe mstari kwa mstari, na mpaka leo wanaofanya kazi hiyo ni wachache kuliko wanaoitaja.

Mjadala wenyewe usiusome kwa muhtasari. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ina sehemu ya East Africana. Omba matoleo ya zamani ya majarida ya *Mulika* na *Kiswahili*, na magazeti ya *Uhuru* na *Mzalendo* ya miaka ya 1970. Kuna vumbi, na utapoteza siku nzima bila kupata kitu. Lakini utawakuta watunzi wakiyajibu mashairi huru kwa mashairi ya vina, wengine kwa matusi mazuri sana, na humo mna hoja ambazo vitabu vya kiada vimeziacha.

Kuhusu urithi wake, jihadhari na neno “ushindi”. Mashairi huru yamekubaliwa: yanatahiniwa mashuleni Kenya na Tanzania, Kithaka wa Mberia na Alamin Mazrui wameyatumia kwa namna zao, na mwaka 2015 uteuzi wa mashairi ya Kezilahabi ulitoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Annmarie Drury. Wakati huo huo vina havikufa hata kidogo. Viko magazetini, redioni, kwenye taarabu, na vijana wa hip hop wa Dar es Salaam, ambao ndio waasi wa zama zao, wanavipanga vina kwa bidii ambayo Sheikh Amri angeitambua. Mimi naona aliyepoteza zaidi ni Kezilahabi mshairi mbele ya Kezilahabi mwandishi wa riwaya. Tangu *Nagona*, wahakiki wamemkimbilia huko. *Dhifa*, diwani yake ya mwisho, ilitoka Nairobi mwaka 2008 wakati yeye alikuwa akiishi na kufundisha Botswana (alifariki Dar es Salaam Januari 2020), na makala juu ya diwani hiyo bado ni chache mno ukilinganisha na zile za riwaya. Kama hujachagua mada, anzia hapo: linganisha *Dhifa* na *Kichomi*, uone miaka thelathini na minne ilimbadilisha wapi na wapi alibaki yule yule.

Na rasimu ya sura ya kwanza ikiwa tayari, kabla ya kumpelekea msimamizi wako, mpe mtu anayetunga mashairi ya vina aisome. Mwombe akuonyeshe kila mahali ulipomsemea vibaya.